Kipara Kabla ya Wakati

Wa kwanza kunipa pole alikuwa muuza makaa, nami nikadhani ananipa pole ya kinu. Ilikuwa Ijumaa mchana; tangu asubuhi mkanda wa kinu changu cha posho ulikuwa umekatika, magunia ya mahindi ya watu yamepangana hadi mlangoni, na mimi nimejaa grisi mpaka masikioni. Mzee yule alivua kofia yake akaishika kifuani.

"Pole sana, Mutahi," akasema.

"Ni mambo ya kawaida," nikamjibu. "Ilikuwa imezeeka. Jioni nitakuwa na ingine."

Alinitazama kwa muda, akatikisa kichwa, akaenda zake.

Wa pili alikuwa mama mboga wa ng'ambo ya barabara. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili, macho yamemjaa maji. Hapo nikaanza kushangaa. Watu wa Kiganjo hawapendi ugali wa kuchelewa, hilo nalijua, lakini sijawahi kuona mtu akililia mkanda wa kinu.

Kisha simu ikalia. Alikuwa Kinuthia, jirani yangu, ambaye shamba lake na langu yametenganishwa na ua wa kayaba tu.

"Ndugu yangu, jikaze," akasema. "Sisi tumeshafika kwako. Viti tumetoa kanisa. Wewe kuja pole pole na hiyo pikipiki, usiharakishe."

"Viti vya nini, Kinuthia?"

"Hiyo usijali. Kuja tu."

Akakata. Kwetu hakuna mtu anayetaja kifo kwenye simu. Utaambiwa uje nyumbani, utaambiwa ujikaze, utaambiwa Mungu ni mwema, na kazi ya kujua ni nani amekufa unaachiwa mwenyewe uifanye njiani. Nilisimama pale na spana mkononi, nikielewa na kukataa kuelewa. Nyumbani asubuhi nilikuwa nimemwacha mke wangu, Wakiuru, akinywa uji.

Wakiuru alikuwa na saratani ya titi. Walimfanyia upasuaji, kisha wakamwanzishia dawa ile ya kutiwa kwenye mshipa ambayo kila mtu hospitalini huiita kemo. Ilimpukutisha nywele zote, hata nyusi, ikamtia ganzi vidoleni mpaka kufunga kifungo kukawa ni kazi. Aliporudi safari ya mwisho alilala, akaamka, akasema imetosha. Alipaswa kurudi mjini Nyeri Jumanne iliyofuata, naye akasema haendi. Nilimbembeleza. Nilimfokea, maana mimi hasira zangu ziko karibu kuliko akili. Nilimletea mchungaji, nikamsomea Zaburi. Alisikiliza yote kwa adabu, kisha akasema, "Baba Wacera, nimechoka. Ungekuwa mimi ungeelewa." Daktari alikuwa ameonya kwamba akiacha katikati ugonjwa utarudi na nguvu. Jumanne ilikuwa inakuja, na mimi sikuwa na neno lingine lililobaki.

Nilipanda pikipiki na spana bado mkononi. Njiani niligombana na Mungu kwa sauti. Kurutu mmoja wa polisi aliyekuwa akikimbia mazoezi kando ya barabara alisimama wima akanipigia saluti, na mpaka leo sijui alidhani mimi ni nani. Nikamrudishia saluti kwa spana.

Boma langu lilikuwa limejaa watu. Moto ulikuwa unawaka kando ya zizi chini ya sufuria kubwa la kanisa, akina mama wakimenya waru, yaani viazi, na Wamucii, mwenyekiti wa akina mama kanisani, akiongoza wimbo wa faraja kwa sauti yake ile isiyojua kupunguzwa. Mama yangu, ambaye nyumba yake iko upande wa pili wa boma, alikuwa amekaa chini kwenye udongo karibu na mlango wa nyumba yangu, miguu ameinyosha, kitambaa kimemtoka kichwani. Na kando ya ghala kulikuwa na wasichana wa shule, wamesimama mstari mmoja na sare zao, wote wamenyolewa kipara, wote wanalia. Mbele yao kulikuwa na gunia. Lilikuwa gunia la kinu changu.

Nilipita mbele ya wasichana wale mara mbili nikimtafuta binti yangu. Mara ya tatu mmoja wao akasema, "Baba," nikaona ni Wacera.

Lazima niseme kuhusu nywele za Wacera. Shule yao ya kutwa huruhusu wasichana kusuka, na tangu chekechea, kila Jumapili jioni, mama yake alimwita aketi kwenye kigoda katikati ya magoti yake, akamsuka. Zilikuwa nywele nyingi, nyeusi, za kufika mabegani, na watu walimsimamisha njiani kumuuliza kama ni zake au ni za duka. Ganzi ilipoingia vidoleni, Wakiuru akashindwa kushika hata nyuzi tatu. Wacera akaenda kwa mama mmoja jirani, akarudi na matuta yaliyopinda. Mama yake aliyatazama, akageukia ukutani. Siku hiyo hakula.

Sasa kichwa kile kilikuwa kitupu, kinang'aa.

"Mama yako," nikasema, nikakwama hapo.

"Sijui, Baba. Ni shosho alituambia."

Nikamwendea mama yangu, nikachutama. "Maitu, nani alikuambia?"

"Ni Wacera."

"Wacera alikuambia nini?"

"Hakuniambia. Niliona kichwa."

Nikamwangalia mmoja, nikamwangalia mwingine, na kichwa changu kikawa kinazunguka kuliko kinu. Ilinichukua muda kuupata mwanzo wa jambo lenyewe, na nilipoupata nikataka kumpiga mtu, ila sikujua ni nani. Enzi za mama yangu, mtoto alinyolewa kipara mzazi wake akishafariki. Kumnyoa mtoto ilhali mama yake yu hai ilikuwa ni kukiita kifo kwa jina. Kwa hiyo mama yangu alipomwona mjukuu wake, tena yule aliyebeba jina lake, anaingia langoni na kipara, nyuma yake wenzake nao vipara, alijua habari imefika shuleni kabla haijamfikia yeye. Akapiga ukemi. Wacera naye akamwona nyanya yake anaanguka chini mbele ya mlango wa mama yake uliofungwa, akajua. Naye akapiga ukemi. Kinuthia akasikia kemi mbili, akaenda kuchukua viti. Hakuna aliyedanganya na hakuna aliyeuliza. Kwa desturi yenyewe kichwa hunyolewa baada ya maziko, si kabla, lakini nani hukumbuka utaratibu akiwa ameshtuka?

Nikasimama. "Ni nani amemwona?" nikauliza. "Nani ameingia ndani?"

Wimbo ukapungua. Kinuthia akamtazama Wamucii, Wamucii akatazama waru zake.

"Tulikuwa tunakungoja wewe," Kinuthia akasema. "Si mlango ni wako?"

Sisi ni Wakristo. Tumebatizwa, tunashiriki meza ya Bwana, na kwaya yetu imewahi kushinda hadi Murang'a. Lakini mlango wa nyumba inayosemekana ina maiti hakuna anayeugusa kabla mwenye nyumba hajafika. Hilo wazee walituachia, na maji ya ubatizo hayakufika huko. Kumbe wote walikuwa wanamlilia mtu ambaye hakuna aliyemwona, na bado kulikuwa na nafasi kwamba yu hai. Nilikimbia mlangoni, kisha nikashindwa kuusukuma. Ningeweza kubaki pale nje na ile nafasi ndogo. Niliogopa, nisiwafiche.

Nikausukuma. Nikapita sebuleni, nikaingia chumbani.

Wakiuru alikuwa ameketi kitandani karibu na dirisha, blanketi mabegani, kilemba kichwani. Aliinua mkono.

"Funga mlango," akanong'ona. "Unanizuia kusikia."

Nikaketi sakafuni. Nilitaka kumshukuru Mungu na nilitaka kuvunja kitu, na vyote viwili vilitaka kutokea mlango mmoja.

"Uko hai," nikasema.

"Hata mimi nilikuwa nashangaa." Alinena kwa sauti ya chini kabisa. "Niliamka nikasikia wimbo. Nikafikiri ni akina mama wamekuja kuniombea, nikanyamaza ndio waende. Halafu Wamucii akasema ati marehemu alikuwa mtu wa bidii. Nikajiuliza, nani amekufa? Nikangoja wataje jina."

"Na walipotaja?"

"Nilijifinya."

Nikafunika mdomo. Sijui kama nilikuwa nacheka au nalia. "Mbona hukutoka, Mama Wacera? Watu wanalia huko."

"Wewe ungetoka? Wamucii amesema chapati kama zangu hataonja tena. Miaka yote hii aliniambia ni ngumu." Akavuta blanketi. "Na wewe wameanza kukutafutia bibi. Yule mwalimu mjane wa Sagana."

"Mwalimu gani?"

"Unaona? Umeuliza."

Nilikuwa sijamwona akitabasamu tangu aanze dawa. Ilikuwa ajabu kwangu kwamba miezi yote ile ya maombi na matunda na maneno matamu haikumtoa tabasamu hata moja, na sasa anatabasamu kwenye matanga yake mwenyewe. Nilitamani tukae pale hivyo, sisi wawili, waimbe mpaka wachoke.

Ndipo sauti ya Wacera ikasikika chini ya dirisha. Alikuwa amekuja kuketi na nyanya yake kwenye udongo.

"Shosho, ni mimi," alikuwa akisema kati ya kwikwi. "Ulinishow nisinyoe. Ukasema mtoto ananyolea mamake mara moja tu. Nikasema hiyo ni mambo ya kitambo. Sasa ona. Ni mimi nimemuua."

Nilingoja mama yangu amwambie la, mjukuu wangu, si wewe. Alikuwa analia tu, na katika kilio chake hakukuwa na la.

Tabasamu la Wakiuru lilikwisha. "Amenyoa?" akaniuliza. Kutoka kitandani alikuwa anaona vitambaa vya akina mama tu. "Nywele amenyoa?"

Nikatikisa kichwa kukubali.

"Zote?"

"Zote."

Akaweka miguu chini. Kwa muda mrefu alikuwa hasimami bila kushikwa. Nilinyoosha mkono, akausukuma. Kilemba kilimtoka alipoinama kutafuta ndara, akakiacha hapo hapo. Akatoka.

Wimbo ulikatika katikati ya neno. Waru ikamponyoka Wamucii ikabingirika mpaka motoni. Kinuthia aliruka ua wa kayaba, jambo ambalo hakuna mtu mwenye akili timamu anayeweza kulifanya, na alama za miiba bado anazo. Mama yangu alijifunika uso kwa viganja. Wakiuru hakumtazama yeyote. Alisimama mbele ya wasichana, kichwa chake kitupu mbele ya vichwa vyao vitupu, akampita mmoja baada ya mwingine mpaka akafika chini ya dirisha.

"Mami?" Wacera akasema.

Wakiuru akamwinua, akamshika kidevu. Akakigeuza kichwa chake upande huu, akakigeuza upande ule, kama alivyokuwa akikagua matuta kabla ya shule. Nilidhani sasa atamkumbatia. Kila mtu alidhani hivyo.

"Nani alikupatia ruhusa?" akauliza.

"Mami, ni ya watu wa cancer. Mwalimu Karwitha alisema tukikata nywele zitatengenezewa wagonjwa wigi. Class yote ikakubali. Nilitaka tufanane na wewe, ndio usione haya kurudi hosi."

"Hizo zilikuwa nywele zangu."

"Si zilikuwa kwa kichwa yangu, Mami."

"Na nani alikuwa anazisuka?"

Nilitaka kumwambia mke wangu kwamba huyu mtoto amekata kitu alichokipenda kuliko vyote kwa ajili yake, na kwamba dakika chache zilizopita alikuwa anajiita muuaji. Lakini nilipotazama uso wa Wakiuru nilinyamaza. Alikuwa amekasirika. Alikuwa amekasirika kama mtu mzima wa afya.

Msichana mmoja aliyekuwa mwisho wa mstari, mwenye adabu nyingi, akalisukuma gunia mbele kwa mguu. "Auntie, mwalimu alipigia hospitali simu, wakasema hizi zetu ni fupi, wigi haiwezekani. So tukasema tukuletee wewe."

Watu wote wakalitazama gunia. Hakuna kati yetu aliyewahi kuona mtu akipewa gunia la nywele, na hakuna aliyejua husemwa nini. Wamucii akasema asante kwa niaba ya wote. Wahenga walisema mwenzako akinyolewa, zako tia maji. Hawakusema kitu juu ya kwenda kunyolewa naye, wala mahali pa kuziweka baadaye.

"Hiyo gunia haiwezi kulala hapa," mama yangu akasema kutoka nyuma ya vidole vyake. "Nywele za watu hazilali nje. Zizikwe."

Wakiuru akaingiza mkono guniani, akapapasa. "Zako ni gani?" akamuuliza Wacera.

"Zimechanganyika, Mami."

Aliendelea kupapasa kwa vidole vyake visivyohisi, kisha akautoa mkono, akaupangusa kwenye nguo. Kutoka ng'ambo ya ua, Kinuthia akauliza kama arudishe viti. Wamucii akasema chakula tayari kiko motoni, na Bwana hapendi uharibifu. Basi tukala. Tulikula chakula cha matanga na marehemu akiwa kati yetu, akilalamika kwamba waru zimepungukiwa na chumvi. Baadaye nilichimba shimo kwenye migomba, mama yangu akazimwaga nywele humo, akazifunika mwenyewe kwa mikono. Alisali kwanza sala ya kanisani, kisha akasema mengine kwa sauti ya chini ambayo sikuuliza.

Jumamosi yote Wakiuru hakusema na Wacera. Wacera alizunguka nyumbani na kofia ya baridi, macho yamevimba, akiniuliza kwa macho kama amefanya mema au mabaya. Ningemjibu nini? Mama yangu alisema ni mabaya, mwalimu alisema ni mema, na mimi nilikuwa nimesimama katikati na kinu kisicho na mkanda. Bado nilikuwa nakiogopa kipara kile, na papo hapo nilikuwa nakijivunia. Nikamwambia ale.

Kuhusu Jumanne sikuthubutu kusema. Nilikuwa nimetumia maneno yangu yote.

Jumapili jioni nilikuwa mlangoni nikipaka viatu rangi, Wakiuru akaita kutoka sebuleni.

"Wacera. Leta kigoda."

Wacera akaja polepole. "Mami, hakuna kitu ya kusuka."

"Leta na chanuo."

Akaleta. Akaketi katikati ya magoti ya mama yake, akavua kofia. Wakiuru aliliweka chanuo pajani, akaweka vidole juu ya kichwa kile kitupu. Akaanza kukigawa. Alipitisha kidole kutoka kwenye paji la uso mpaka kisogoni, taratibu, akarudi, akapitisha kingine kando yake.

"Hapa katikati nitagawa hivi," akasema. "Hizi za mbele zitaenda nyuma. Hapa kwa sikio zilikuwa zinakataa, nitaanza na hizo. Kaa wima."

"Mama Wacera," nikasema, "lakini hakuna nywele."

"Naona."

Nikarudi kwenye viatu vyangu. Mabega ya Wacera yalikuwa yanatikisika, lakini kichwa alikishika wima kama alivyoambiwa.

"Zitafika mabegani lini?" Wakiuru akauliza.

"Mwaka moja," Wacera akasema. "Ama mbili."

"Mbili."

Vidole vilisimama. Niliona midomo ya Wakiuru ikilirudia lile neno bila sauti, kama anayelipima uzito. Kisha vidole vikaendelea pale vilipoachia, nyuma ya sikio, mahali ambapo nywele zilikuwa zinakataa.

"Na yule mama jirani asiziguse," akasema. "Kazi yake niliiona."

"Sawa, Mami."

Ng'ombe alikohoa zizini. Nilikuwa nimeshapaka kiatu kimoja rangi mara mbili.

"Baba Wacera," Wakiuru akasema, bila kugeuka, "gari ya kwanza ya kwenda mjini Jumanne inatoka saa ngapi?"

Saa hiyo naijua kama ninavyojua jina langu. Lakini ilibidi kwanza niweke kiatu chini, nitoke nje.